Yago Upande wa Kulia

Mimi ni mwanamke wa wivu. Nalisema mapema ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba nilimficha. Hapa Sori wananijua. Mwaka juzi nilimmwagia mama mmoja maji ya omena, dagaa wa ziwa letu, kwa sababu alimwita mume wangu "Obare wetu." Wetu na nani? Nilimuuliza hivyo hivyo, mbele ya watu wote wa ufuoni, na mpaka leo sijamwomba msamaha.

Kwa hiyo haya ninayowaambia sikuyafanya kwa kurogwa. Hakuna aliyenishika mkono. Mkono ulikuwa wangu.

Ilikuwa Ijumaa, jua linaelekea kuzama. Nilikuwa nakusanya omena kutoka kwenye nyavu za kuanikia, haraka haraka, maana sisi Wasabato jua likishazama kazi imekwisha, hata kama gunia zima litanyeshewa. Upepo wa ziwa tunaujua. Unakuja, unatukana, unaenda zake. Ule wa siku hiyo ulikuwa umekuja kukaa. Ulikuwa unavuma palepale, haupandi wala haushuki, na mawimbi yalikuwa yanapiga mchanga kwa sauti nzito ambayo sikuizoea.

Priscilla, jirani yangu wa kuanika, alikuwa na redio yake ndogo ndani ya karai.

"...kimbunga kikali kinaelekea pwani ya kusini mwa Tanzania," msomaji habari alikuwa akisema, "na kinatarajiwa kutua kesho usiku karibu na Kilwa. Wakazi wa kando ya bahari wanatakiwa kuhamia sehemu za juu. Vyombo vyote vidogo visitoke..."

Priscilla akaacha kuchota.

"Orpah, si huko ndiko Baba Liz yuko?"

"Ndiko."

"Yawa! Na umesimama hapo tu? Mpigie!"

Obare ni mume wangu. Fundi wa mashine za boti. Kuanzia hapa mpaka Homa Bay, mashine ikikataa kuwaka watu walikuwa wanasema muiteni Obare. Kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia hakina ncha, propela iliila akiwa kijana, na akikushika mkono unajua ni yeye hata ukiwa umefumba macho. Mwaka uliopita tajiri mmoja wa Kilwa alimwita akamtunzie boti sita. Akaenda. Mimi nikabaki na binti yetu Liz, ambaye yuko bweni Homa Bay, na nyumba, na omena.

Krismasi akarudi. Hakurudi peke yake.

"Mama Liz," akaniambia akiwa bado ameshika mkoba, "huyu ni Joyline. Ni mwenzako."

Mwenzangu! Msichana wa miaka ishirini na minne, alikuwa na saluni karibu na stendi ya Homa Bay, meno yamepangika, anacheka polepole kwa pua kana kwamba kicheko ni siri yake na mtu mmoja. Alikaa siku tatu. Alipika samaki jikoni kwangu, kwa sufuria zangu, na Obare akaomba aongezwe. Miaka kumi na sita nampikia huyo mtu. Hajawahi kuomba aongezwe.

Walipoondoka kwenda Kilwa, Joyline alisahau leso yake ya kujifunga kwenye kamba ya nguo. Nyekundu, yenye maua meupe. Sikuwaambia. Niliianua, nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya sanduku langu. Sijui kwa nini. Wacha niseme ukweli, najua kwa nini.

Basi hiyo Ijumaa nilifunga gunia langu kwanza. Nalifunga jinsi mama yangu alivyonifundisha kwao Ndhiwa: unasokota shingo ya gunia mara mbili, unapitisha ncha chini, unavuta mpaka inalia. Hakuna mwingine hapa ufuoni anayefunga hivyo. Wachukuzi huyatambua magunia yangu kwa fundo tu. Kisha nikapangusa mikono, nikapiga simu.

Ikaita. Ikapokelewa.

"Haloo, Mama Liz?"

Sauti ya kike. Kicheko cha pua bado kiko ndani yake. Nyuma yake kulikuwa na muziki, na watu wanaongea.

"Obare yuko wapi?"

"Hayuko hapa na mimi, simu aliniachia. Mama Liz, wacha nikuambie, mimi saa hizi niko..."

Nikakata.

Ikaita tena. Nikakata. Ikaita mara ya tatu, nikaizima kabisa na kuitupa ndani ya karai.

Mniambie nyinyi. Mwanamume anamwachia mwanamke simu yake, mkononi, na mimi mke wake wa kwanza sijui hata namba ya siri ya hiyo simu. Kimbunga kinakuja, na wao wanacheza muziki! Nilihisi moto umeanzia tumboni, ukapanda mpaka macho yakajaa maji. Na pale pale, huku Priscilla akiniangalia, nikaomba. Sikuomba kwa sauti. Niliomba kimbunga kimchukue Joyline. Yeye peke yake. Halafu mume wangu arudi nyumbani.

Hilo tu ndilo nililotaka. Mume wangu arudi nyumbani.

Njia ya kwenda kwangu inapita kando ya kijito, na pale kijitoni kuna mti wa yago. Mgeni huenda asiujue. Matunda yake ni marefu, mazito, urefu wa mkono wa mtu mzima, yananing'inia kwenye kamba ndefu. Hayaliwi. Kwetu kuna kazi moja tunayoyafanyia. Mtu akizama ziwani na maiti isipatikane, familia hulichukua yago, ikalifunga nguo, ikalilia kama mtu, ikalizika badala yake. Hapo roho inajua imefika nyumbani, inaacha kuzurura. Ndiyo maana watoto hawaruhusiwi kulichezea, na hakuna anayeliingiza bomani hivi hivi. Yago likiingia bomani, kuna mtu amekwisha.

Nilikuwa nimefika chini ya ule mti.

Puu!

Likaanguka mbele ya miguu yangu. Moja tu. Mengine yalikuwa yanayumba juu kwa upepo.

Nililitazama muda mrefu. Kisha nikaangalia nyuma, nikaangalia mbele. Njia ilikuwa tupu. Nikalifunika kwa kanga niliyojitanda, nikalibeba kifuani. Lilikuwa na uzito wa mtoto wa wiki mbili. Na mnajua, nilitembea nalo taratibu, nikichunga kichwa chake, kana kwamba lina kichwa.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa ukingoni. Sabato ilikuwa inaingia, na mimi naingia ndani kuchukua leso na jembe. Nililifunga yago ndani ya ile leso nyekundu. Kiunoni mwake nikafunga fundo langu: nikasokota mara mbili, nikapitisha ncha chini, nikavuta mpaka ikalia.

Mume huzikwa upande wa kulia wa mlango. Mke huzikwa kushoto. Hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Joyline hakuwa na nyumba hapa bado, nikasema atalala kando ya nyumba yangu, upande wa wake. Mtaona hata katika ubaya wangu nilifuata utaratibu. Nikatoka, nikaenda hatua chache uani, nikageuka. Nikautazama mlango wangu. Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikaenda nilikoonyesha, nikachimba.

Ardhi ya kwetu ni nyeusi, nzito, inang'ang'ania jembe. Nilichimba mpaka magotini. Nikalilaza.

"Joyline, nyar Homa Bay, binti wa Homa Bay," nikanong'ona. "Maji yamekuchukua. Tumekulilia. Tumekuzika. Usirudi."

Upepo ukakatika.

Haukupungua, jamani. Ulikatika. Majani ya ndizi yakasimama. Kuku wakanyamaza. Nilikuwa nimepiga magoti, udongo mkononi, nikasikia kitu chini ya ule udongo.

Pwaa... pwaa...

Maji. Maji yanapiga kitu cha mbao, polepole, mbali sana, chini yangu.

Na harufu ikapanda. Ziwa letu lina harufu ya samaki na matope, nimekua nayo. Hii ilikuwa harufu ya chumvi. Kali, baridi, inakwama kooni.

Nikafukia haraka. Nikaingia ndani. Nikafunga mlango, nikaimba wimbo wa kufungua Sabato peke yangu, na sauti haikutoka vizuri.

Asubuhi nilienda kanisani na gauni langu la bluu. Nilikaa mstari wa mbele na kwaya. Priscilla akaniuliza kama nimewapata watu wa Kilwa, nikamwambia mtandao haupatikani. Simu yangu ilikuwa bado imezimwa. Mchungaji alipoomba watu wote wa pwani waepushiwe kimbunga, mimi nikasema amina pamoja na wengine, lakini rohoni nikaruka jina moja.

Niliporudi nyumbani ilikuwa kama saa tisa mchana. Mbingu imejifunga, nyeusi upande wa mashariki, na upepo umerudi kukaa. Nikafungua geti.

Joyline alikuwa ameketi mlangoni kwangu.

Nguo zimelowa. Nywele zimelala usoni. Miguu imejaa matope. Alikuwa ameinama, mikono ameiweka juu ya kitu fulani mapajani, na hakuinua kichwa.

Nilishika geti kwa mikono miwili.

"Wewe ni nani?" nikasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Nakuuliza. Wewe ni nani?"

Akainua kichwa.

"Mama Liz. Ni mimi. Nimepiga simu mpaka nimechoka."

"Usinikaribie."

"Nimelowa tu, Mama Liz. Bodaboda ilitutupa pale kijitoni."

Nikamsogelea hatua kwa hatua. Nikanyoosha kidole, nikamgusa begani. Alikuwa na joto. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, lakini ngozi ilikuwa ya moto, ya mtu hai anayepumua. Mapajani mwake kulikuwa na sanduku la chuma. Nililijua. Sanduku la spana za Obare.

"Yuko wapi?"

"Nilitaka kukuambia jana, ukakata. Nilikuwa ndani ya basi, tumeshavuka Mwanza. Alhamisi asubuhi walipotangaza hiyo kimbunga, alinipandisha basi. Akanipa simu yake ili wewe ukipiga unipate njiani. Akanipa na spana zake. Akasema..." Akafuta maji usoni. "Akasema Mama Liz ana mdomo mkali, lakini nyumba yake ndiyo nyumba. Nenda ukae naye. Mimi nikishatoa mashine kwenye boti za tajiri nakuja nyuma yako. Nimechoka na bahari. Narudi nyumbani kabisa."

Narudi nyumbani kabisa.

Nilishika nguzo ya mlango. Basi ule muziki ulikuwa wa basi. Wale watu waliokuwa wakiongea walikuwa abiria. Na mimi nilikuwa nimezima simu.

"Kwa hiyo yeye yuko huko bado," nikasema. "Bila simu."

"Anaweza kuazima. Atapiga." Alijaribu kutabasamu. Kisha akaangalia uani, akashusha sauti kwa heshima, kama mtu aliyekuta msiba na hajui aanze wapi. "Mama Liz, pole. Sikujua. Ni nani amefariki?"

"Kwa nini unauliza?"

"Si pale pamechimbwa? Niliona nilipofika, nikaogopa kukanyaga. Nikasema pengine ni yago la mtu wa ziwani. Kaka yake Obare?"

"Kaka yake? Kwa nini kaka yake?"

"Si ni upande wa wanaume?" Joyline akasema.

Nilimwangalia. Nikaangalia kile kilima kidogo cha udongo.

"Upande wa nini?"

"Wa kulia. Kulia kwa anayetoka mlangoni."

Nilipanda kizingiti, nikaingia ndani ya nyumba yangu, nikageuka. Mgongo ndani, uso nje, jinsi maiti inavyotolewa. Nikanyoosha mkono wa kulia.

Mkono ukaenda ukaonyesha kaburi.

Jana nilikuwa nimesimama uani. Nilikuwa nautazama mlango, sikuwa natoka mlangoni. Kushoto kwangu ilikuwa kulia kwa nyumba. Hasira ilinigeuza, na mimi kila mazishi ya ukoo huu nimekuwa mstari wa mbele kuwakosoa wengine!

"Uwi!" nikapiga kelele. "Uwi, Obare!"

Nikachukua jembe. Sabato, gauni la kanisani, sikujali. Redio ilisema usiku, na usiku ulikuwa bado. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba yago likitoka ardhini kabla ya kimbunga kutua, pengine... pengine. Nilichimba kama mwenda wazimu. Joyline alikuwa ananiita nyuma yangu, "Mama Liz, ni nini? Mama Liz, unanitisha!"

Udongo mweusi ukaisha.

Chini yake kulikuwa na mchanga. Mweupe. Laini. Ndani yake kulikuwa na vipande vya kombe, vyeupe na vya waridi, ambavyo hapa Sori havijawahi kuonekana tangu dunia iumbwe. Nikatupa jembe, nikachimba kwa mikono. Shimo likaanza kujaa maji. Yakaruka mdomoni mwangu.

Chumvi.

Nikaona ncha ya leso. Nyekundu. Nikaishika, nikavuta, na kitu upande wa pili kikavuta pia. Kikavuta kwa nguvu, kwenda chini. Nikaingiza mkono mpaka begani, shavu langu juu ya mchanga, nikipapasa ndani ya yale maji baridi. Nilikuwa natafuta tunda.

Kikanishika mkono.

Vidole vitano. Vigumu, vya mtu wa spana. Na kile cha shahada kilikuwa kifupi.

"Obare," nikanong'ona ndani ya shimo. "Ni mimi. Usiachie. Baba Liz, usiachie."

Kwa muda hakuachia. Naapa. Alinishika jinsi mtu anavyoshika ukingo wa boti. Kisha nikahisi kidole kimoja kimelegea, halafu cha pili... halafu kile kifupi, cha mwisho.

Maji yakazama ardhini. Shimo likabaki kavu, jeusi, la udongo wetu. Hapakuwa na mchanga. Hapakuwa na leso, wala yago.

Joyline alikuwa amesimama juu yangu, mikono kichwani. Sijui aliona nini. Sijawahi kumuuliza.

Jumapili asubuhi redio ikasema kimbunga kilitua Kilwa mapema kuliko ilivyotarajiwa, jioni, kabla ya giza. Ikataja nyumba, minazi, na boti. Ikasema kuna fundi mmoja wa mashine aliyekuwa ndani ya boti ya mwisho, na hajaonekana.

Siku ya kumi simu ya Obare iliita ndani ya nyumba yangu. Joyline ndiye aliyekuwa nayo. Shemeji yangu Maranga, mdogo wake Obare, alikuwa amekuja kukaa nasi kungoja habari, na mimi nilikuwa mlangoni nafunga gunia la omena, maana watu lazima wale. Ilikuwa picha, kutoka kwa watu wa ufuo wa huko. Walisema bahari imemtoa mtu, hali yake si ya kusafirishwa, wamemsitiri huko huko. Wakauliza kama tunaweza kumtambua kwa kidole, na kwa nguo aliyokuwa amefungwa kiunoni.

Joyline aliiangalia ile picha muda mrefu.

"Hii ni leso yangu," akasema. "Niliisahau hapa Krismasi. Kwenye kamba."

"Pengine aliibeba, shemeji," Maranga akamwambia kwa upole. "Pengine ni ingine inayofanana."

Alisogeza picha karibu kwa vidole viwili. Alikuwa anatazama kiunoni. Anatazama fundo. Kisha akainua macho, polepole, akaangalia gunia lililokuwa mbele yangu. Akaangalia shingo yake iliyosokotwa mara mbili. Akaangalia mikono yangu, ambayo ilikuwa bado imeshika ncha.

Akazima simu.

Tukazika yago, kama desturi. Wanaume walichimba upande wa kulia. Jembe la Maranga liliingia kirahisi mpaka akashangaa.

"Shemeji, hapa palishachimbwa?"

"Ni mbwa," nikasema.

"Mbwa gani huyu wa kuchimba hivi?"

Joyline alikuwa kando yangu, amejifunga kitambaa cheusi. "Ni mbwa," akasema na yeye. "Nilimwona." Nikamwangalia, yeye akaangalia mbele. Wazee wakaimba, Liz akalia mpaka akaanguka, na mimi nikalia kwa uchungu wa kweli, atakaye aamini, asiyetaka aache. Nilimpenda yule mtu. Hakuna aliyewahi kumpenda zaidi yangu, na nitagombana na yeyote atakayesema kuna.

Tulidhani atalala. Mzee mmoja wa ukoo tu ndiye alinong'ona wakati wa chai kwamba yago lilikuwa jepesi mno. Kwamba alipolibeba alihisi amebeba ganda, kana kwamba aliyekuja kuzikwa alishazikwa mara nyingine na amekataa kuingia tena. Kisha akaomba sukari.

Joyline hakurudi Homa Bay. Alikataa. Maranga akamjengea chumba cha mabati kando ya nyumba yangu. Tunaanika omena pamoja. Tunasalimiana. "Umeamkaje, Mama Liz?" "Vizuri, na wewe?" Hajawahi kuniuliza. Usiku nafunga mlango kwa komeo mbili.

Na yeye anakuja.

Ni alfajiri, saa ile boti za omena zinarudi na taa zao. Nasikia geti. Halafu hatua. Chwaa... chwaa... hatua za miguu iliyolowa. Harufu ya chumvi inapita chini ya mlango wangu, na mimi naketi kitandani, kanga nimeiuma kwa meno. Mara ya kwanza nilidhani anakuja kunidai uhai wake. Nilikuwa tayari. Nilifungua komeo zote mbili, nikakaa gizani, nikasema karibu Baba Liz, nichukue, nilikosea.

Hatua zikafika mlangoni kwangu.

Zikapita.

Zikaenda kwenye chumba cha mabati. Nikasikia mlango ukifunguliwa taratibu, kutoka ndani. Na nikasikia kile kicheko. Kidogo, cha pua, cha siri ya watu wawili.

Asubuhi nilizifuata zile nyayo. Zilikuwa zimekauka, zimeacha unga mweupe juu ya udongo. Nikainama, nikagusa, nikaonja chumvi. Zote zinapita kwangu. Hakuna hata mmoja uliogeuza kidole kuelekea kwangu.

Ni miezi mitatu sasa. Kila alfajiri. Joyline amenawiri, mashavu yanang'aa, na akina mama wa ufuoni wanasema ujane umemkubali. Jana alipika samaki. Nilimwona kupitia dirisha akipakua sahani mbili, na moja akaiongeza.

Ningepaswa kuogopa. Mtu yeyote mwenye akili angehama. Mimi nakaa kitandani na ule moto unaanzia palepale tumboni, na siogopi maiti. Nawaonea wivu.

Juzi upepo ulivuma kutoka mashariki siku nzima, ukiwa umekuja kukaa. Nilipopita kijitoni yago likaanguka mbele ya miguu yangu. Moja tu. Liko chini ya kitanda changu ninapowaambia haya. Kanga ya Joyline niliiazima jana, akanipa bila kuuliza, akanitazama usoni, akacheka.

Sijafanya kitu. Nimesimama tu mlangoni, mgongo ndani, uso nje, nikanyoosha mkono wa kushoto.

Safari hii upande naujua.